Mwendo wa Mshenga

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na viongozi wa fuo za ziwa, Kisumu

Wazee wangu mliotoka Dunga na Usenge, mama zangu wa samaki, walimu, na nyinyi vijana mliokaa hadi kwenye ngazi kwa kukosa viti, hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya diplomasia na namna teknolojia ya kidijitali inavyoibadilisha. Mada kama hii huanzia Geneva au New York. Mimi nitaanzia kwetu Ugenya, kwenye posa ya binti wa dada yangu.

Posa hiyo ilikuwa na mshenga. Kwetu tunamwita jagam. Mzee huyu ameunganisha nyumba nyingi, na watu humwamini kwa sababu hana haraka. Lakini safari hii vijana wa pande zote mbili walikuwa wamefungua kundi la WhatsApp la maandalizi, lenye watu zaidi ya themanini, wengine Nairobi, wengine Mombasa, mmoja Doha. Upande wa bwana harusi haukuwa umepata ng'ombe wote walioafikiwa. Ni jambo la kawaida kabisa. Usiku mmoja mjomba wake akajirekodi akiwaambia ndugu zake kwamba hawa watu wanadai kana kwamba wanauza binti. Alikusudia kundi la ndugu. Kidole kikagusa lile kundi la watu themanini. Kabla ya alfajiri sauti ile ilikuwa imefika Doha, na mama wa binti alikuwa ameisikia kwa masikio yake mwenyewe, pamoja na kicheko kilichofuata.

Miezi minne mzee yule alitembea kati ya boma na boma akitibu sekunde arobaini. Siku moja tulikutana njiani, akaniambia neno ambalo ndilo lililonileta mbele yenu: "Watoto hawa wameninyang'anya njia."

Nikamwuliza njia ipi. Akanionyesha kijia kinachoshuka hadi mtoni na kupanda ng'ambo. Ni mwendo wa saa moja hivi. Akasema kazi yake yote ilikuwa ndani ya saa hiyo. Anaondoka kwa watu akiwa amebebeshwa "hatuna, wala msitusumbue". Akiteremka mlima anajiuliza waliosema hivyo wanaogopa nini. Akifika mtoni ameshapata pa kulishikia lile neno. Anapobisha hodi, neno limekuwa "wenzenu wanaomba muwavumilie hadi mavuno". Hajadanganya. Ng'ombe hawapo, na amesema hawapo. Ila amelifikisha neno katika hali ambayo linaweza kujibiwa.

Ndugu zangu, balozi ni mshenga wa nchi. Na jambo kubwa ambalo simu imeitendea kazi yake ni hilo alilolalamikia mzee: imefuta njia. Sisi tuliokuwa tukiiona njia kama kero, kama gharama, kama kuchelewa, hatukujua kwamba ndimo kazi ilimokuwa ikifanyika.

Nayasema haya kwa kuyaona. Nilitumikia mambo ya nje kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa karani wa mawasiliano katika balozi zetu. Vijana, nyinyi hamjaiona mashine ya teleksi. Ilikuwa kama taipureta nzito iliyounganishwa na laini ya simu. Malipo yalihesabiwa kwa dakika, kwa hiyo hukuchapa ukiwa hewani. Ulichapa kwanza kwenye utepe wa karatasi, mashine ikautoboa matundu, ukasoma, ukakata maneno yasiyo na kazi, ndipo ukapiga namba ya Nairobi na kuupitisha utepe kwa kasi. Ujumbe wa siri ulitiwa fumbo kwanza, tarakimu tano tano, na karani wa upande wa pili akakaa kuufumbua. Balozi akiandika kwa hasira saa nne asubuhi, maneno yake yaliondoka saa nane mchana. Katikati ya hapo mara nyingi alirudi mlangoni kwangu akaniambia, "Hebu nirudishie ile karatasi."

Kuna usiku mmoja sitausahau, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulikuja ujumbe kutoka makao makuu ukiagiza kwamba asubuhi na mapema balozi apeleke malalamiko makali kwa serikali ya nchi tuliyokuwemo. Niliufumbua nikitetemeka, maana maneno yalikuwa mazito. Nikampelekea nyumbani kwake. Akausoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akaukunja, akasema, "Tutalala nao." Saa kumi alfajiri mashine ikalia tena. Ujumbe wa pili ulisema ule wa kwanza usitekelezwe, habari zilizouzaa hazikuwa za kweli. Hakuna gazeti lililoandika juu ya usiku ule, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nimekaa nikifikiri mara nyingi: ingekuwa leo, agizo lile lingefika kwenye simu ya balozi, ya naibu wake, ya msemaji wa wizara na ya kijana anayeendesha ukurasa wa ubalozi, wote kwa pamoja, na mmoja wao angekuwa ameshalitangaza kabla ya saa kumi.

Msinielewe vibaya, sitaki turudi kwenye teleksi. Kuchelewa nako kumewahi kutufikisha ukingoni. Oktoba 1962 Wamarekani na Wasovieti walipokaribia kupigana kwa nyuklia juu ya makombora yaliyopelekwa Cuba, barua za Khrushchev kwa Kennedy zilichukua saa nyingi kupita, kufumbuliwa na kutafsiriwa, huku meli na ndege zikiendelea na safari zake. Balozi wa Kisovieti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, alikuja kueleza kwamba telegramu zake za kwenda Moscow zilichukuliwa na kijana wa Western Union aliyekuja kwa baiskeli, na wao ubalozini wakibaki kuomba asisimame njiani kuzungumza na msichana. Fikirini: uhai wa dunia nzima juu ya kikapu cha baiskeli.

Juni 1963 nchi hizo mbili zikatia saini mjini Geneva mapatano ya kuweka laini ya moja kwa moja kati ya Moscow na Washington. Watu wengi wanadhani ilikuwa simu nyekundu mezani, kama kwenye filamu. Ilikuwa mashine ya maandishi. Kila upande uliandika kwa lugha yake, na upande wa pili ukatafsiri. Sauti ingekuwa ya haraka zaidi, nao hawakuitaka, kwa sababu sauti husikika vibaya na hujibiwa kabla haijaeleweka. Watu walioiona mauti kwa karibu, walipopata nafasi ya kuchagua chombo, walichagua kile kinacholazimisha mtu asome kwanza. Walifupisha njia ya mshenga lakini hawakuiondoa. Hilo nimelishika kama dira, na ndilo ninalotaka mlishike mnapoyatazama mambo yetu ya hapa.

Maana yetu ni mengi, na mwaka wa 2022 ulitufundisha kwa mfululizo.

Tarehe 21 Februari 2022, usiku, Urusi ikiwa imetoka kuyatambua maeneo mawili ya mashariki ya Ukraine, balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alizungumza kwenye Baraza la Usalama. Alisema mipaka ya Afrika ilichorwa katika miji mikuu ya wakoloni, bila kujali mataifa ya kale waliyoyapasua, na kwamba hadi leo tuna jamaa zetu ng'ambo ya kila mpaka. Nyinyi mnaotoka Busia, mpakani na Uganda, mnalijua hilo bila kusoma. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso pande zote mbili, Wabukusu wana ndugu zao Wagisu, nasi Wajaluo tuna watu wetu Rorya kule Tanzania. Kimani akasema tuliamua kuikubali mipaka hiyo, kwa sababu kuifuata damu kungetupeleka kwenye vita visivyoisha. Dakika chache. Kabla ya wiki kwisha, video ile ilikuwa imetazamwa na mamilioni ya watu katika nchi ambazo hazikujua Kenya ina kiti barazani. Hapa mtandao ulitufaa sana. Lakini tazameni mpangilio: maneno yalipimwa kwanza, yakasemwa mahali pake, na mtu aliyetumwa kuyasema. Mtandao ulikuja baadaye, ukayabeba.

Septemba mwaka huohuo mpangilio ukageuka. Tarehe 14, siku moja baada ya rais mpya kuapishwa, ukurasa wake wa Twitter ulitangaza kwamba Kenya inafuta utambuzi wake wa Jamhuri ya Sahara Magharibi, nchi ambayo Morocco inaidai kuwa yake. Kiongozi wa Sahara Magharibi alikuwa ndiyo kwanza amehudhuria kiapo hapa kwetu kama mgeni wa heshima. Tangazo lile likaondolewa siku hiyohiyo. Siku mbili baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikaandika kwa balozi zote kwamba msimamo wa Kenya haujabadilika, na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje kwenye Twitter wala mtandao mwingine wowote, bali kwa hati rasmi za serikali. Mei 2025 Kenya iliuunga mkono mpango wa Morocco wa kuipa Sahara mamlaka ya ndani chini yake, safari hii kwa taarifa ya pamoja iliyotolewa Rabat baada ya mawaziri kukutana. Nani mwenye haki juu ya Sahara sitalizungumzia jioni hii, nina maoni yangu na mnaweza kuniuliza tukitoka nje. Ninachotaka mwone ni zile siku mbili. Balozi wetu katika nchi fulani alikuwa akiulizwa na wenyeji wake, "Kenya inasema nini?", naye hakuwa na jibu, kwa sababu yeye pia alikuwa amesoma kwenye simu kama watu wote. Mshenga amekuta habari zimemtangulia, na hajui kama ni za kweli.

Haukupita mwezi. Tarehe 3 Oktoba Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa rais wa Uganda na wakati huo kamanda wa jeshi la nchi kavu, akaandika kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji wiki mbili kuiteka Nairobi. Mnakumbuka tulivyojibu. Mchana kutwa Wakenya walitaniana naye, wengine wakimwuliza atapita Malaba au Busia. Wengi waliona ni mzaha. Lakini mimi nilimfikiria mama anayevuka Busia kila asubuhi na mtungi wa maziwa au gunia la ndizi. Maneno kama yale, yakimkuta askari mmoja wa mpakani mwenye hasira, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Kesho yake Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda ikatoa taarifa kwamba serikali ya Uganda haiendeshi sera yake ya nje kwenye mitandao ya kijamii. Hebu sikilizeni hapo. Nairobi ilisema hivyo Septemba, Kampala ikasema hivyo Oktoba, karibu kwa maneno yaleyale. Wizara mbili zilijikuta zikiwakumbusha wakubwa wao njia iko wapi. Rais Museveni mwenyewe akawaomba Wakenya msamaha kwa maandishi, na mwanawe akaondolewa kwenye ukamanda ule, ingawa alipandishwa cheo. Msamaha wa mzee ndio uliotuliza mambo.

Na sisi wananchi, je? Tumekuwa tukijiona watazamaji, kumbe tumo ndani. Mwaka 2015 kituo cha CNN kilipoiita nchi yetu kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya Rais Obama kuja, Wakenya walijibu kwa maelfu mtandaoni hadi mkubwa mmoja wa kituo hicho akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Hakuna balozi aliyetumwa. Nililifurahia jambo lile, nasema kweli. Lakini nguvu hiyohiyo niliiona tena Mei 2025, baada ya mwanasiasa wetu Martha Karua kurudishwa kutoka Tanzania, na mwanaharakati Boniface Mwangi na mwenzake Mganda Agather Atuhaire kukamatwa kule na kutendewa waliyoyasimulia. Hasira yetu ilikuwa na sababu. Ila namba za simu za wabunge wa Tanzania zikasambazwa, na watu wakaanza kuwamiminia ujumbe, mwingine wa hoja, mwingine wa matusi. Kule bungeni Dodoma likawa jambo la kulalamikiwa, na tarehe 28 Mei rais wetu, kwenye maombi ya kitaifa, akawaomba majirani Watanzania msamaha kama tumewakosea. Waliofungiwa na kuteswa wakapotea katikati ya mazungumzo juu ya adabu ya Wakenya. Hilo linaniuma hadi leo. Kesi ilikuwa yetu, tukaipoteza kwa namna tulivyoipeleka.

Kuna mengine nitayapita haraka. Mikutano ya video imepunguza safari, na nchi maskini sasa inaweza kukaa kwenye vikao ambavyo zamani isingeweza kulipia tiketi zake. Mwaka 2020 viongozi wa dunia walihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa video zilizorekodiwa. Ni vizuri. Lakini aliyewahi kuhudhuria mkutano anajua kwamba mapatano hufanywa wakati wa chai, ukumbini watu wakisubiri lifti, na skrini haina chai. Machi 2021 kesi yetu na Somalia juu ya mpaka wa bahari iliposikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, wengi wakiwa kwenye skrini kwa sababu ya korona, Kenya ilipinga kesi nzito namna ile kusikilizwa hivyo, ikakataa kushiriki. Hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba bila sauti yetu katika vikao vile. Na kuna suala la kujua aliyesimama mbele yako ni nani. Balozi wa zamani alikuja na hati za utambulisho mkononi. Machi 2022 ilisambazwa video ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwaambia askari wake waweke silaha chini. Ilikuwa ya kughushi, imetengenezwa na kompyuta, na iligundulika upesi kwa sababu ilitengenezwa vibaya. Akili unde ya leo haitengenezi vibaya hivyo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo watu wachache huliuliza: mkoba wa balozi, ule wa kubebea nyaraka za ubalozi, uko wapi siku hizi?

Waswahili husema mjumbe hauawi. Mkataba wa Vienna wa 1961 ni methali hiyo iliyoandikwa kwa vifungu: mwili wa balozi haushikwi, nyumba yake haiingiwi bila ruhusa yake, nyaraka zake hazigusiki popote zilipo, na mkoba wake haufunguliwi wala hauzuiliwi. Kinga ile ni ya kweli. Julai 1984, katika uwanja wa ndege wa Stansted nchini Uingereza, maofisa wa forodha walikuta makasha yaliyokuwa yapakiwe ndege ya kwenda Lagos. Ndani ya mojawapo alikuwemo waziri wa zamani wa Nigeria, Umaru Dikko, amelevywa dawa na kutekwa. Makasha yale hayakuwa na alama rasmi za mkoba wa kidiplomasia, ndiyo maana yakafunguliwa. Sisi makarani tulisimuliana kisa hicho kwa miaka, maana kilitufundisha kwamba muhuri mmoja unaweza kuamua uhai wa mtu.

Sasa nyaraka za ubalozi hazikai kwenye kabati langu la chuma. Zimo kwenye seva, na seva imo katika nchi ya mtu. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba data kutoka makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo lililojengwa na China, ilikuwa ikihamishwa kila usiku kwenda Shanghai kwa miaka kadhaa. China ilikanusha vikali. Lakini hata kama unaamini kanusho lile, jiulize ni nani kati yetu angeweza kujua. Mkoba wa ngozi ukifunguliwa, utaona uzi umekatika. Data hunakiliwa na ya asili ikabaki palepale, nzima.

Estonia, nchi ndogo yenye watu wachache kuliko Nairobi, ilipata somo mapema. Mwaka 2007 benki zake, magazeti yake na tovuti za serikali zilishambuliwa mtandaoni kwa wiki kadhaa wakati wa ugomvi juu ya sanamu ya askari wa Kisovieti. Wakajiuliza: nchi yetu ikivamiwa, daftari la ardhi, la vizazi, la mahakama, litakuwa wapi? Mwaka 2017 wakaafikiana na Luxembourg waweke nakala za data ya taifa kwenye seva zilizo kule, na chumba kile kikapewa kinga kama ya ubalozi. Mluxembourg haingii bila ruhusa ya Estonia. Nalipenda jambo lile kwa sababu ni methali ya mjumbe hauawi iliyopanuliwa hadi ikafunika mashine. Sisi tumeiweka serikali karibu yote kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Julai 2023 tuliona mfumo huo ukiangushwa na washambuliaji kwa siku kadhaa. Nyinyi mnaosomea kompyuta hapa, na nyinyi mnaosomea sheria, hamjakaa meza moja juu ya jambo hili. Ningependa mkae.

Sasa nirudi ziwani, kwa sababu Kisumu ni mji wa diplomasia hata kama hatujauita hivyo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa. Maji yale mnayoyaona kutoka Dunga, sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, iliyobaki ni ya Uganda na Tanzania. Samaki hajui. Mbuta anavuka, na mvuvi anamfuata.

Mnaijua Migingo. Ni jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, limeezekwa mabati kote. Mwaka 2009 lilitaka kututoa roho na Waganda. Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji yaliyokizunguka ni ya Uganda, na serikali mbili zikakubaliana kutuma wapima mipaka wa pamoja. Mstari wenyewe uliandikwa na Waingereza mwaka 1926, kwa maneno, wakitaja visiwa na ncha za nchi kavu. Hakuna nguzo majini.

Siku hizi mvuvi ana simu yenye ramani, na kwenye ramani kuna mstari. Nawaomba sana mnisikilize hapa, hasa nyinyi wa BMU, vikundi vya kusimamia fuo. Mstari ulio kwenye simu yako haukuwekwa na serikali yoyote. Novemba 2010 kamanda mmoja wa Nicaragua, Edén Pastora, alipoulizwa kwa nini watu wake wako kwenye ardhi inayodaiwa na Costa Rica, alijitetea kwa kutaja ramani ya Google. Google wenyewe wakakiri kwamba mstari wao pale ulikuwa umekosewa. Nchi hizo zilikwenda hadi The Hague, na Desemba 2015 mahakama ikaamua kwamba ardhi ile ni ya Costa Rica. Miaka mitano. Na pale palikuwa kinamasi kisichokaliwa na watu. Kwetu kuna maelfu ya watu majini kila usiku.

Nimesikiliza sauti zinazozunguka kwenye makundi ya wavuvi boti zinaposhikwa. Mtu analia kwamba askari wa ng'ambo wamechukua injini na nyavu, wamepiga watu. Mara nyingi ni kweli. Lakini sauti ile ikifika ufuo wa tatu imeongezewa mfu mmoja, ikifika wa tano imeongezewa wawili, na vijana wameanza kumtafuta Mganda yeyote aliye karibu wamlipizie. Wakati huohuo kule Namayingo, upande wa Uganda, kuna kundi jingine, lina sauti zake, na sisi ndio wabaya.

Ninalowaomba ni dogo. Kila ufuo uchague watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, na kijana awe anajua Kiganda, Kisoga au Kisamia. Hao ndio washenga wa ufuo. Boti ikishikwa, aliyeiona awapigie hao kwanza kabla ya kuweka neno kwenye kundi. Waandike saa, namba ya boti, majina ya waliokuwemo, na vipimo vya mahali simu inavyovionyesha, wakijua kwamba vipimo vinasema mtu alikuwa wapi na havisemi pale ni pa nani. Halafu wampigie mwenzao wa upande wa pili, mtu wanayemjua kwa sura kwa sababu wamewahi kula naye. Kutoka nchi moja hadi nyingine kupiga simu si ghali kama zamani, tangu serikali zetu zilipopunguza gharama za kupiga simu ndani ya Jumuiya. Saa moja ipite. Saa moja tu, ule mwendo wa kutoka boma hadi boma. Baada ya hapo neno liingie kwenye kundi, na liende kwa afisa wa uvuvi, na kwa ubalozi ikibidi, likiwa na mguu wa kusimamia.

Nimezungumza na viongozi wa fuo nne, wamekubali tujaribu. Wa upande wa Uganda nimewapata wawili, mmoja wao tulifahamiana nikiwa bado kazini, yeye sasa anauza vyombo vya uvuvi. Tunakutana Dunga Jumanne, saa nne asubuhi, mashua zikisharudi na samaki wakishapimwa. Vijana wenye kujua lugha za ng'ambo waje, hata kama hawajachaguliwa na mtu. Mje na simu zenye chaji. Mimi nitaleta daftari, na yule mzee wa Ugenya ameniahidi atakuja. Harusi ilifanyika Aprili, na ng'ombe waliobaki walipelekwa baada ya mavuno.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.